Mgeni wa Kupima Miguu

Kwanza tukubaliane jambo moja: hakuna watu wenye miguu kama sisi wa bonde hili. Watu wa tambarare wana mpunga mzuri, sikatai, na watu wa Tokyo wana treni zao. Lakini miguu, miungu ilianza kuigawa huku kwetu milimani Aizu, na ilipofika kule chini kapu lilikuwa limebaki kucha tu. Theluji yetu huanguka mpaka ikafukia madirisha. Ukitaka kumwazima jirani chumvi unatokea kwa dirisha la darini. Mtoto wa kwetu hajifunzi kutembea, anajifunza kukanyaga. Asiyejua kukanyaga theluji ikawa njia, huyo hata mke hapati.

Na katika miguu yote hiyo ya kujivunia, iliyosifiwa kuliko yote ilikuwa ya Kisaburo Meguro, mwezekaji wa mapaa. Kisaburo alikuwa akipanda paa la hekalu kama paka anayekwenda kulala. Anasimama kileleni, mguu mmoja juu ya fito, mwingine umekunjwa, anakata nyasi kwa mkasi mkubwa huku anaimba, na chini wanawake wamesahau wali motoni. Mwenyewe alijua. Akishuka alikuwa na tabia ya kujipangusa vumbi kwenye mapaja polepole, kama mtu anayempangusa farasi wake.

Habari hii lakini si ya Kisaburo, ingawa yeye angekubishia mpaka jua lizame. Ni ya mkewe, Mitsue, ambaye miguu yake haikuwahi kusifiwa na mtu.

Labda mara moja. Siku alipoletwa kuolewa, alitoka ng'ambo ya mlima mwishoni mwa majira ya baridi, theluji bado imejaa njiani. Kisaburo alitangulia kukanyaga, yeye akafuata nyuma akitia mguu katika shimo la kila hatua ya bwana arusi. Hatua za mwanamume ndefu, zake fupi, basi safari nzima bibi arusi alikuwa anaruka kama chura. Walipofika, mama mkwe akampandisha macho na kumshusha, akafunua kidogo pindo la kimono kwa ncha ya fimbo, akasema mbele ya wageni, "Eh! Figili kabisa. Haya, figili zitatufaa, kuna kazi."

Watu wakacheka. Kwetu ukiambiwa una miguu ya figili maana yake ni minene na myeupe, haina umbo. Lakini mama mkwe hakukosea kuhusu kazi. Kila mwaka mpunga ukishavunwa, waezekaji wa kwetu walikuwa wakifunga mikasi yao na kwenda tambarare kutafuta mapaa, warudi theluji ikiyeyuka. Kisaburo naye alikwenda. Na paa la nyumba yake mwenyewe, lile lililomletea sifa, nani alilipanda kulitoa theluji lisivunjike? Mitsue, na binti yao Nobuko mgongoni. Nani alimbeba mama mkwe kumpeleka chooni, miaka ile ya mwisho kikongwe alipokuwa hajui tena usiku na mchana? Mitsue. Kisaburo alirudi na nyimbo mpya na zawadi ya kitambaa, kijiji kizima kikaja kumsikiliza. Mitsue akamimina chai.

Hakulalamika. Wala usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na ulimi wa kukata figili, ila aliutumia kwa figili.

Sasa twende kwenye uzee, maana ndiko tunakokwenda sote, hata wewe unayecheka.

Kisaburo alianguka akiwa uani, anafunga kamba vichaka visivunjwe na theluji. Hakuanguka kutoka juu ya paa, sikiliza maajabu, alianguka akiwa amesimama chini. Kiharusi. Alipotoka hospitali upande wa kulia ulikuwa umekuwa mgeni kwake. Mkono uliinuka ukipenda, na mguu uliburutika. Godoro lao lilikuwa la sakafuni, kama la kila mtu, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kumwinua mtu mzima kutoka sakafuni asubuhi, kumketisha kwenye kiti cha choo alichonunua Nobuko mjini, kumrudisha, kumwosha kwa kitambaa kwa sababu beseni la kuogea ni refu na hawezi kuvuka ukingo wake, kumbadili nepi. Mitsue mwenyewe alikuwa amepinda kiuno mpaka uso wake ulikuwa unaangalia mikeka. Alipomwinua mumewe, alimwingia kwapani, akamwambia, "Haya Baba Nobu, tunapanda paa," naye mzee akajibu, "Panda taratibu, nyasi zimelowa." Mzaha huo ndio uliowainua. Kiuno chenyewe kilikuwa kimekwisha.

Aliyesema mambo yakome ni jirani, Harue, mjane wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye mdomo ambao theluji haijawahi kuuziba.

"Dada Mitsue, unamuua mumeo au unajiua wewe? Nataka kujua nivae nini msibani."

"Tunaweza."

"Mnaweza! Jana nimekuona unatoka kwa mikono na magoti kuja kuchukua kuni. Nikadhani nguruwe mwitu ameshuka mlimani."

"Nilikuwa natafuta kitu kilichoanguka."

"Kilichoanguka ni wewe. Sikiliza. Piga simu wilayani waje wampime. Wakimkadiria kuwa hajiwezi wanakupa kitanda kinachojiinua chenyewe, na wale watu wa gari la bafu wanakuja na beseni lao, wanamwogesha humu humu ndani, wewe umekaa unakunywa chai. Na siku nyingine wanamchukua tangu asubuhi, unalala."

Neno "unalala" lilimwingia Mitsue vibaya, kama harufu ya chakula inavyomwingia mwenye njaa.

"Ila," Harue akainua kidole, "siku mpimaji akija, usifagie."

"Nisifagie?"

"Usifagie. Usipange. Nepi ziache hapo hapo, kiti cha choo kiache katikati ya chumba, tena ukiweza ukijaze. Mimi alipokuja kupimwa marehemu wangu niliosha nyumba mpaka kizingiti, nikampaka mafuta ya nywele. Mpimaji akaona mzee anang'aa kama sahani mpya. Tukapata nini? Tukapata pongezi."

Nobuko naye, aliyeolewa mbali huko Saitama, alisema hayo hayo kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia kabla hajapiga.

"Mama, wasipotupa daraja la kutosha hakuna kitanda, hakuna bafu, na hata zile nyumba za wazee za wilaya hazimpokei. Wanapokea waliokadiriwa vibaya tu. Na huyu baba mkwe wangu mwenye saratani nimemlaza sebuleni, siwezi kuwachukua ninyi. Unanielewa, Mama? Baridi hii itawakuta hivyo hivyo mlivyo."

"Nimekuelewa."

"Usiseme 'tunaweza'."

"Sitasema."

"Sema nisikie. Sema 'hatuwezi'."

Mitsue alishika simu kwa mikono miwili. Nje Harue alikuwa anapiga theluji ya kwanza kwa koleo. "Tutaona," akasema.

Siku ikafika. Nobuko alikuwa ameahidi kuja, lakini baba mkwe alizidiwa. Mitsue aliamka na nia safi ya kuacha kila kitu kilivyo, na hapo asinishitaki mtu kwamba namsingizia. Aliketi kabisa pembeni ya meza fupi yenye moto chini yake, akafunika magoti kwa mfarishi, akasema moyoni: leo sifagii.

Akaona vumbi juu ya meza. Akalifuta kwa kiganja tu, si kufagia huko. Kisha akaona kiganja kimeacha michirizi, ambayo ni mibaya kuliko vumbi, akachukua kitambaa. Ukishashika kitambaa mkononi, mkeka nao unakutazama. Akapangusa mkeka. Akasikia harufu ya chumba. Yeye alikuwa ameizoea, lakini pua ya mgeni ni pua nyingine. Akafungua milango ya karatasi, baridi ikaingia, mzee akapiga kelele, akafunga, akachoma udi kidogo mbele ya madhabahu ya wakwe zake marehemu, ambayo nayo ilikuwa na utando wa buibui. Sasa mtu atawaachia wakwe zake utando wa buibui siku ya mgeni?

"Kuna nini?" Kisaburo akauliza kutoka godoroni. "Kuna nani?"

"Anakuja mtu wa wilaya."

"Mgeni?"

"Si mgeni hasa. Mtu wa kupima."

"Anaingia mlango wa mbele?"

"Anaingia mlango wa mbele."

"Basi ni mgeni. Ninyoe."

Angekataa. Harue angekataa, Nobuko angekataa. Lakini wewe hukumwona mzee yule, uso umejaa vinyweleo vyeupe kama paa lililoota ukungu, anavyoinua kidevu akisubiri wembe. Akamnyoa. Akamvua nepi akamvalisha suruali. Mzee akasema, leta koti langu, lile la buluu la waezekaji lenye alama ya chama mgongoni, naye akalitoa sandukuni likinuka kafuri. Mkono wa kulia haukutaka kuingia. Waliubembeleza wote wawili.

Kikabaki kiti cha choo katikati ya chumba, na pakiti la nepi. Mitsue alivitazama. Alikumbuka kidole cha Harue. Akavitazama tena, akafikiria mwanamke mgeni, na viatu vyake vimepangwa vizuri kizingitini, anavunja shingo kuangalia choo cha mume wake. Akavisukuma vyote nyuma, kwenye chumba cha zamani cha viwavi wa hariri, akafunga mlango. Alipogeuka kiuno kilikatika kwa maumivu akabaki ameshikilia nguzo, anahema. Kisha akaenda jikoni kuchemsha mchuzi wa sherehe, ule wa karoti, uyoga na kombe zilizokaushwa, maana mgeni hapewi chai tupu.

Mpimaji aliitwa Bi Hoshi. Alikuwa mwanamke kijana, mashavu mekundu kwa baridi, sauti ya chini. Alivua mabuti mlangoni, akageuza ncha zake zitazame nje, kwa adabu. Mitsue aliona hilo akampenda papo hapo, na hiyo pia ilikuwa hasara.

Na mle ndani, Kisaburo alikuwa ameketi.

Naapa kwa mkasi wake. Mtu ambaye tangu majira ya joto hakuwahi kukaa bila kuegemezwa, alikuwa ameketi kwenye nafasi ya mwenye nyumba, magoti yamekunjwa chini yake, mgongo umenyooka. Jinsi alivyofika pale kutoka godoroni hata mkewe hakujua. Akaweka viganja juu ya mkeka, mkono wa kushoto umeuvuta wa kulia, akainamisha kichwa.

"Karibu kwetu. Njia mbaya, umeteseka."

"Shikamoo, Babu. Hapana, barabara imesafishwa vizuri."

"Imesafishwa kwa mashine. Zamani tuliisafisha kwa hii." Akajipiga paja, la kushoto.

Bi Hoshi akacheka, akafungua mkoba. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayepapasa tunda. Babu, majina yako kamili? Sasa ni majira gani? Unaweza kuinua mikono yote? Mkono wa kulia uliinuka. Mitsue aliutazama ukipanda polepole, ukitetemeka, mpaka usawa wa bega, kama mtu anayepanda ngazi amebeba mzigo, na bila kujua yeye mwenyewe alikuwa amebana pumzi akiusukuma kwa macho.

"Vizuri sana. Na kusimama je, Babu? Usijilazimishe."

"Kujilazimisha? Binti, umeona lile hekalu njia panda?"

"Nimeliona."

"Paa lake?"

"Zuri mno."

"Uliza ni nani aliyelisimamia." Akashika nguzo kubwa ya nyumba. Akavuta. Nguzo ikalia. Mitsue alinyanyuka nusu kumwingia kwapani kama kila siku, lakini mzee alimtupia jicho moja, akakaa. Kisaburo akasimama.

"Ajabu," Bi Hoshi akasema, na alimaanisha. "Nilikuwa na swali la kusimama kwa mguu mmoja, ila huenda leo tu..."

"Mguu gani unautaka?"

"Wowote, Babu. Lakini kama—"

Akaunyanyua. Ule mbovu. Aliutoa mkekani upana wa kidole, koti la buluu limemjaa kifuani, kidevu juu, jicho linatazama mbali, pale ambapo zamani palikuwa na wanawake waliosahau wali wao. Na Mitsue, Mungu amsamehe na mimi aniwie radhi kwa kulisema, Mitsue alifurahi. Kwa kitambo kile hakukumbuka kitanda wala bafu wala kulala. Alimwona yule aliyetangulia kukanyaga theluji. Macho yalimlowa akashukuru kwamba mgeni ameona.

Kisha swali likamgeukia yeye.

"Na chooni, Bibi? Anakwenda mwenyewe?"

Kisaburo alikuwa bado amesimama, anamtazama mkewe kutoka juu, na jasho limeanza kumtoka kwenye paji la uso. Alimtazama tu kama mtu aliye juu ya paa anavyomtazama aliyeshika ngazi chini.

"Anajitahidi," Mitsue akasema.

"Kuoga?"

"Tunasaidiana kidogo."

"Usiku anakusumbua?"

"Analala vizuri."

Usimdharau yule binti. Hakuwa mjinga. Alikataa mchuzi kwa adabu, kwa kuwa kazi yake haimruhusu kula kwa watu, akaaga, na alipokuwa anavaa mabuti kizingitini aliinama karibu na sikio la Mitsue.

"Bibi. Wengi hawasemi mbele ya mzee mwenyewe, naelewa. Hapa tuko wawili. Kuna jambo lolote ambalo halikusemwa kule ndani?"

Hii ndiyo nafasi. Mlango ulikuwa umekuja wenyewe ukafunguka. Mitsue alifungua kinywa. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa karatasi, na karatasi haina masikio lakini pia haizuii kitu. Ndani mzee alikohoa, kikohozi kifupi. Mitsue alimtazama binti, kola yake nyeupe, viatu vyake vilivyogeuzwa kwa heshima. Nitamwambia nini? Kwamba yule uliyemwona amesimama ananyea godoroni? Alishawahi kumfichia mengi mwanamume yule, wanawake wa tambarare wakiwemo. Hili lilikuwa dogo kuliko hayo.

"Hakuna," akasema. "Ahsante kwa kuja mbali."

"Na wewe mwenyewe, Bibi? Naona kiuno—"

"Ah, hiki ni cha zamani. Mimi mzima."

Gari likashuka kona. Mitsue akarudi ndani mbiombio kwa mwendo wake wa kaa.

Kisaburo alikuwa amesimama pale pale. Hakuweza kushuka. Mkono wa kushoto ulikuwa umeing'ang'ania nguzo mpaka kucha zimekuwa nyeupe, mguu unatikisika kama jani, na suruali ilikuwa imelowa mpaka chini, mkeka nao. Mitsue akamwingia kwapani. Hawakusema habari za paa. Walishuka wote wawili pamoja, vibaya, wakaangukia mfarishi, wakabaki wamelala hapo kama vyombo vilivyomwagwa.

"Nimemwonyesha," mzee akasema akihema.

"Umemwonyesha."

"Nimefaulu?"

Mitsue aliangalia dari. Nyasi za ndani zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka mingi, kila fundo amelifunga yeye mume wake.

"Umefaulu, Baba Nobu."

Jibu lilikuja bonde limekwisha kuwa jeupe. Wilaya ilimkadiria daraja la mwanzo kabisa, la wazee walio imara ila wasije wakalegea. Hakuna kitanda, hakuna gari la bafu, hakuna kuchukuliwa asubuhi. Alichopewa ni nafasi katika mazoezi ya kuimarisha miguu, kwenye ukumbi wa kijiji, wapige makofi na kuinua magoti kwa muziki.

Harue aliposikia alicheka kwanza, kwa mazoea. "Akafundishe yeye! Si ndiye mwenye miguu!" Kisha akamwangalia Mitsue, akaacha. Alikaa kizingitini bila kuvua viatu.

"Ulifagia," akasema.

"Nilifuta meza."

"Mimi nilikwambia, dada."

"Uliniambia."

"Omba upya. Waambie warudi."

"Nobuko ameshaomba. Wanasema watu ni wengi, na barabara ya juu itafungwa. Labda theluji ikiyeyuka."

Harue alitazama mlima. Sisi wa huku tukitazama mlima mwezi huo hatuhitaji kuulizana inayeyuka lini.

Basi Mitsue akaibeba ile baridi. Sina hadithi nzuri ya kukupa hapo. Hakuna aliyeshuka kutoka mbinguni. Mzee alizidi kuwa mzito, maana tangu siku ile ya mgeni, kana kwamba alikuwa ameweka akiba ya nguvu zake zote na kuzitumia kwa mara moja, hakuinua tena mkono wala hakukaa. Hata mzaha uliisha. Mitsue alisema, "Haya, tunapanda paa," mzee akamwangalia tu akauliza, "Nani anakuja?" Kila asubuhi swali hilo hilo. Naye kila asubuhi akajibu hakuna, Baba Nobu, leo hakuna mtu.

Harue alisaidia alivyoweza, lakini naye ni kikongwe, na theluji ya mlangoni kwake ilimtosha. Waliangaliana kwa njia yetu ya huku: ukiamka unatazama njia ya mwenzako. Imekanyagwa, yuko hai. Haijakanyagwa, vaa viatu.

Siku moja njia ya Mitsue haikukanyagwa.

Harue aliwakuta chumbani, chini, kati ya godoro na kiti cha choo. Nyonga ya Mitsue ilikuwa imevunjika wakati anamwinua, mzee akamwangukia juu ya miguu, na wala huyu hakuweza kumtoa yule. Moto wa chini ya meza ulikuwa umezimika. Mitsue alikuwa ameuvuta mfarishi kwa meno, ukafika mpaka kifuani kwa mumewe, ukaishia hapo. Midomo ya Mitsue ilikuwa ya buluu.

"Harue," alisema alipomwona, "samahani, nyumba chafu."

Harue alivua koti lake akawafunika, akatoka mbio kuita watu.

Hospitali ni mbali, chini kwenye tambarare. Walimfunga Mitsue chuma nyongani, wakamwambia mfupa umekuwa kama kuni iliyooza, asitegemee sana. Kisaburo alipelekwa kwingine, upande wa pili wa mlima, ambako kulipatikana kitanda. Kitanda hicho, niambiwavyo, kinajiinua chenyewe. Watu wawili wenye mikono myeupe wanamwogesha vizuri, na anawauliza nani anakuja. Hakuna gari linalotoka kule kuja huku bila kuzunguka mlima wote. Mitsue aliomba apelekwe kumwona, wakamwambia akipata nguvu. Paa la nyumba hakuna aliyelitoa theluji. Upande wa kaskazini uliingia ndani kabla baridi haijaisha. Harue alisikia mlio akadhani ni mlima.

Mwanzoni mwa kuchipua kwa majani, Bi Hoshi alikuja hospitalini. Safari hii jina lililoandikwa mbele yake lilikuwa la Mitsue. Alivuta kiti karibu na kitanda, na mashavu yake hayakuwa mekundu. Alikuwa ameshajua yote, mambo ya bonde dogo husafiri.

"Shikamoo, Bibi. Unanikumbuka?"

"Marahaba. Uligeuza viatu."

Binti aliinamisha kichwa. "Bibi, ningekuuliza zaidi siku ile."

"Uliuliza. Mchuzi hukula, ndilo kosa lako."

Alijaribu kutabasamu ikamshinda. Akafungua mkoba. "Sasa leo naomba uniambie kila kitu kilivyo. Usinisimamie kama Babu. Nakuomba sana. Umekadiriwa tayari, hii ni kuthibitisha tu. Utapata kila kitu. Mtapata nyote wawili."

"Pamoja?"

Bi Hoshi alitazama kalamu yake. "Kila mmoja alipo," akasema.

Mitsue aliitikia kwa kichwa, kama anayeambiwa bei ya kitu asichonunua. Kisha akainua mkono akajipapasa nywele, akazibana nyuma ya sikio, akanyoosha shuka magotini, akageukia mwanamke wa kitanda cha jirani amwombe chai kwa ajili ya mgeni.

"Bibi, tafadhali, usijisumbue. Lala tu."

"Nitalalaje na mgeni amekaa?"

Na chini ya shuka mguu wake mzima, figili ile iliyopandia mapaa na theluji na hakuna aliyeitazama, ulikuwa umeshaanza kuteremka ukingoni mwa kitanda, unapapasa hewani, unatafuta sakafu.